Dengu za nazi na mboga: zilainishe kwanza, uzikoleze baadaye

Dengu iliyobaki na kiini kigumu haiokolewi na mchuzi. Tia tui la nazi mbili, tia viungo vyote unavyovijua, lakini ikiwa dengu zimeingia kwenye nyanya na ukwaju kabla hazijaiva, zitabaki hivyo hivyo hadi mkaa uishe. Ndiyo maana naomba tutenganishe kazi mbili ambazo wengi huzichanganya kwenye sufuria moja: kulainisha dengu, halafu kukoleza mchuzi. Ya kwanza inataka maji na muda. Ya pili inataka mafuta, moto wa kuangaliwa, na mpishi asiyeondoka jikoni.

Mapishi yenyewe ni ya dengu nyeupe, viazi, karoti, bilinganya na mchicha, ndani ya mchuzi wa nazi wenye ukwaju. Ni chakula cha nyumbani cha pwani, na kimechukua mengi kwa majirani zetu wa Kihindi: bizari nzima inayokaangwa kwenye mafuta, rosti nzito ya kitunguu na nyanya, uchachu wa ukwaju. Nazi nayo ikaingia kama inavyoingia kwenye mbaazi na kwenye samaki. Kipimo nilichoweka hapa kinatosha watu 6 wenye njaa. Dengu zikiwa zimeshachemshwa, kazi iliyobaki motoni ni ya saa moja na kidogo.

Kuchagua dengu

Kuna dengu ndogo za kahawia, zenye ganda gumu na ncha iliyochongoka, ambazo ndizo zinazolimwa kwa wingi kwetu. Na kuna kubwa nyeupe, rangi ya krimu, zenye ganda jembamba. Kwa mapishi haya chukua nyeupe. Huvimba vizuri, ndani hulainika sawasawa, na ganda lake halikusumbui mdomoni. Za kahawia zina ladha nzito na mimi nazipenda sana zikichemshwa na kuliwa na chumvi, pilipili na ndimu jioni, lakini ndani ya tui ganda lake hubaki la kutafunatafuna. Kwenye maduka ya Wahindi nyeupe huandikwa kabuli chana, na za kahawia kala chana. Msomaji wa Kenya aangalie asibebe ndengu, zile ndogo za kijani ambazo Tanzania tunaziita choroko. Hizo huiva upesi mno, na muda ninaotaja hapa utazigeuza uji.

Kuliko aina, kinachoamua zaidi ni umri. Dengu zilizokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu hubadilika ndani, zikafika mahali hazilainiki hata ukizichemsha mchana kutwa. Chota kiganja uzitazame kwenye mwanga. Nzuri zina rangi inayolingana, hazina vumbi la unga, hazina matundu ya wadudu, na ukizidondosha kwenye sahani zinalia vizuri. Zenye rangi iliyofifia na madoa meusi ziache. Nunua kwa muuzaji ambaye mzigo wake hauchelewi kuisha, na ukifika nyumbani usizimwage juu ya zile za zamani kwenye mkebe. Ukichanganya, nusu ya sufuria itaiva na nusu itakusubirisha.

Tanzania inalima dengu nyingi. Shinyanga, Simiyu, Mwanza na maeneo ya jirani, wakulima huzipanda mvua zinapoelekea kwisha, kwenye udongo mweusi wa mbugani, na mmea unaishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Sehemu kubwa ya mavuno hupakiwa kwenda India. Mwaka 2018 India ilipandisha ushuru wa dengu hadi asilimia 60, na kwangu hiyo ilikuwa sababu tosha ya kutamani zao hili lipate nafasi kubwa kwenye sufuria zetu wenyewe, lisiishie kuwa unga wa bajia tu.

Mahitaji

Dengu nyeupe kavu, vikombe 2 (karibu gramu 400)
Viazi mbatata 3 vya wastani
Karoti 2
Bilinganya 1 kubwa la zambarau
Mchicha fungu 1
Vitunguu maji 2 vikubwa
Nyanya 4 zilizoiva sana
Kitunguu saumu punje 6, na tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba
Nazi 1 kubwa, au kopo moja la tui la mililita 400
Ukwaju vijiko 2 vya chakula
Bizari nyembamba nzima vijiko 2 vya chai
Giligilani kavu nzima vijiko 2 vya chai
Manjano ya unga kijiko 1 cha chai
Haradali nzima nusu kijiko cha chai
Mdalasini kijiti 1, karafuu 3, iliki 3
Majani ya karipata kitawi kimoja, ukiyapata
Pilipili mbuzi 1 nzima
Mafuta vijiko 6 vya chakula, chumvi, na majani ya giligilani ya kumalizia

Kikombe ninachokisema ni cha mililita 250, na usiumie ukikosa kitu kimoja. Bila haradali na karipata chakula bado ni kizuri. Bila bizari nyembamba, giligilani na manjano, afadhali upike kitu kingine.

Kuloweka, usiku wa kuamkia

Chambua dengu, ondoa vijiwe, osha maji mawili. Zitie kwenye bakuli kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu zitakunywa maji na kufika karibu mara mbili ya uzito wake. Mimina maji lita 2, tia chumvi kijiko 1 cha chakula, koroga, ziache saa 8 hadi 12.

Wapo watakaoshtuka kuona chumvi hapa, maana tumelelewa tukiambiwa chumvi hukomaza maharage na jamaa zake. Kinachokomaza ni uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju, siki. Chumvi kwenye maji ya kulowekea husaidia. Ganda la dengu limeshikwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu ya chumvi huyaondoa sehemu ya madini hayo na kukaa mahali pake, na ganda hulegea. Faida nyingine ni kwamba dengu inakuwa na ladha hadi ndani.

Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, usiku mmoja jikoni unaweza kutosha kuzichachusha. Ukiona povu jeupe juu na harufu imeanza kuwa kali, umechelewa kidogo. Mwaga maji, osha vizuri, chemsha mara moja. Mwenye friji aloweke humo na hatakuwa na wasiwasi.

Kujua kama zimelowa, usitazame ukubwa. Mwanzoni ganda hukunjamana na kutangulia nyama ya ndani, na dengu huonekana imevimba wakati bado kavu katikati. Chukua moja, ikate kwa kisu katikati. Rangi ikiwa moja kutoka ganda hadi kiini, tayari. Ukiona kidoa cheupe kikavu katikati, ziongeze muda.

Umekumbuka asubuhi na wageni wanakuja jioni? Zichemshe dakika 3 kwenye maji mengi, zima moto, funika, acha saa moja. Haifikii kuloweka usiku kucha lakini inakubalika.

Kuchemsha

Mwaga maji ya kulowekea. Humo ndimo imebaki sehemu ya sukari inayojaza tumbo gesi, hivyo usione huruma kuyamwaga. Suuza, tia maji mapya yazipite dengu kwa vidole vinne, washa moto mkubwa. Povu la kijivujivu litapanda dakika za mwanzo. Liengue kwa upawa ulitupe. Kisha tia jani la mdalasini au kijiti chake kidogo ukipenda, punguza moto, funika nusu, ziache zichemke taratibu. Moto wa kurukaruka huvua maganda na kuzipasua nje kabla ndani hakujaiva.

Kwa sufuria ya kawaida tarajia saa 1 hadi saa 1 na nusu. Kwa sufuria ya presha, dakika 20 hadi 25 tangu filimbi ya kwanza, kisha acha presha ishuke yenyewe. Usijaze presha zaidi ya nusu. Dengu hutoa povu na maganda yanaweza kuziba tundu la mvuke.

Magadi soda ni msaada wa kweli pale maji ni ya kisima na yana chumvichumvi, kwa sababu maji ya namna hiyo yana kalsiamu nyingi inayozuia dengu kulainika. Robo kijiko cha chai inatosha kwa kipimo hiki. Ukizidisha, dengu zinapata ladha ya sabuni, zinavunjika ovyo, na vitamini B hupotea. Kama maji yako ni ya kawaida na dengu ni mpya, usitie kabisa.

Sasa sehemu ambayo haina njia ya mkato: kuonja. Toa dengu tatu, kutoka sehemu tatu za sufuria, usizichague. Ibonyeze kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Inatakiwa ilale yote, ukahisi laini tupu, bila punje ndogo inayokwaruza katikati. Hata moja ikikataa, rudisha kifuniko. Na usiziepue kwa kujipa moyo kwamba zitamalizikia kwenye mchuzi, kwa sababu mchuzi wetu una nyanya na ukwaju.

Zikiiva, ziache zipoe ndani ya maji yake, na maji hayo usiyamwage. Yana unga wa dengu na ladha nzuri, nayo ndiyo yatakayoupa mchuzi uzito. Ila kama ulitia magadi, yaonje kwanza. Yakiwa na ukakasi, yaache utumie maji safi.

Anayetumia dengu za kopo, kama ilivyo kawaida kwa wenzetu walioko London au Muscat, anaruka hadi hapa. Makopo 3 ya gramu 400 yanalingana na vikombe 2 vya kavu. Zisuuze, kwa sababu maji ya kopo yana chumvi nyingi, na mchuzi uunenepeshe kwa kuponda dengu kadhaa.

Kuandaa kabla ya kuwasha moto wa pili

Ikune nazi, tia maji ya uvuguvugu kikombe 1, fikicha kwa mkono hadi machicha yabadilike, kamua na uchuje. Hilo ni tui zito. Liweke mbali na usiliguse hadi mwisho. Rudia kwa vikombe 2 vya maji upate tui jepesi. Mwenye kopo achote nusu yake ya juu iliyo nzito akaihifadhi, na iliyobaki aichanganye na maji kikombe kimoja na nusu.

Loweka ukwaju kwenye nusu kikombe cha maji moto, uache, kisha uvuruge kwa vidole na uchuje kokwa na nyuzi.

Bilinganya likate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, linyunyizie chumvi, liache dakika 20 huku ukimenya vitu vingine. Litatoa maji ya kahawia. Lifute kwa kitambaa, likaange kwa vijiko 2 vya mafuta kwenye moto mkali hadi pande zipate rangi, liweke pembeni. Bilinganya ambalo halijatolewa maji linakunywa mafuta yote ya kikaango na kuomba mengine. Likitupwa bichi kwenye mchuzi nalo hupotea likawa utelezi, na mlaji hajui kama alikula bilinganya.

Viazi vikate vipande vikubwa kidogo, karoti vipande vidogo kuliko viazi. Mchicha uoshe maji matatu, uchague majani na vikonyo laini.

Bizari na giligilani vikaange kavu, bila mafuta, moto mdogo, dakika 2 hivi. Gawa bizari kwanza: kijiko kimoja kibaki kizima kwa ajili ya mafuta, kingine ndicho kinachokaangwa na giligilani. Tikisa kikaango muda wote. Harufu ikikufikia ukiwa umesimama wima, ondoa mara moja, mwaga kwenye sahani, maana kikaango cha moto kinaendelea kuunguza hata nje ya jiko. Twanga kwenye kinu hadi iwe unga usio laini sana. Kazi hii ni ya dakika tano na inatofautisha sana mchuzi na mchuzi. Bizari ya unga iliyokaa kabatini tangu Idi iliyopita ina rangi tu. Kama unayo na huna uhakika nayo, isugue kwenye kiganja na unuse. Usiposikia kitu hapo, hutakisikia kwenye sufuria pia.

Rosti, mahali pa kusimama

Weka sufuria nzito kwenye moto wa wastani, tia mafuta vijiko 4. Tupia punje mbili za bizari. Zikizungukwa na vipovu vidogo papo hapo, mafuta yako tayari. Zikizama kimya, ngoja. Zikiwa nyeusi, toa sufuria motoni ipumue. Tia haradali, funika kidogo maana inaruka, na milio ikipungua tia bizari nzima, mdalasini, karafuu, iliki zilizopasuliwa na karipata. Sekunde 20 hadi 30, zisizidi. Hapa mafuta ndiyo yanayobeba harufu. Sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na ukivitia viungo hivi baadaye ndani ya mchuzi unaochemka hupati hata nusu ya unachopata sasa.

Tia vitunguu vilivyokatwa vidogo na chumvi kidogo. Sikiliza. Mwanzoni ni sauti ya kuchemka, kwa sababu vinatoa maji. Baada ya dakika 5 au 6 vinakuwa laini na kung'aa, na hapo ndipo wengi wanapotia nyanya. Subiri. Maji yakikauka sauti inapanda na kuwa ya kukaanga, kingo zinaanza rangi ya dhahabu, halafu kahawia. Inafika dakika 12 hadi 15 kwa moto wa wastani, na huwezi kuifupisha kwa moto mkubwa, kwani utapata vitunguu vyeusi nje na vibichi ndani. Vikishika chini, nyunyiza kijiko cha maji na ukwangue kwa mwiko; ile rangi iliyoganda chini ni ladha, irudi kwenye kitunguu.

Saumu na tangawizi zilizotwangwa zinafuata, dakika moja, hadi ukali wa harufu utulie.

Unga wa bizari na giligilani, pamoja na manjano, usiumwage mkavu. Uchanganye kwenye kikombe na maji vijiko 3, uwe uji mzito, ndipo uutie. Manjano yakiungua yanakuwa machungu, na uchungu huo hautoki hata kwa sukari. Koroga dakika 2, hadi maji ya uji huo yakauke na uone mafuta yamepata rangi ya machungwa.

Sasa nyanya, zilizokunwa au kusagwa, pamoja na chumvi kijiko 1 cha chai. Msimu ambao nyanya ni za maji na hazina rangi, ongeza kijiko cha nyanya ya kopo. Pika bila kufunika, ukikoroga kila baada ya muda mfupi, dakika 10 au zaidi. Usitazame saa, tazama sufuria. Vipovu vidogo vya haraka vinageuka kuwa vikubwa na vizito vinavyopasuka polepole. Rosti inaanza kusogea yote pamoja ukipitisha mwiko, na njia ya mwiko inabaki wazi kwa muda kabla haijafunga. Mwisho mafuta yanajitenga, yanaonekana pembeni kama mstari unaong'aa. Hapo harufu ya nyanya mbichi imekwisha na rosti imeiva. Mchuzi ukikosa ladha baadaye, mara nyingi kisa kiko hapa: rosti iliepuliwa mbichi.

Mboga ziingie kwa zamu

Tia viazi na karoti, vigeuze vijipake rosti, kisha mimina vikombe 2 vya maji ya dengu. Funika, moto wa wastani, dakika 10. Viazi navyo hucheleweshwa kidogo na uchachu wa nyanya, ndiyo sababu vinatangulia.

Tia dengu zote, tui jepesi na pilipili mbuzi nzima, bila kuipasua. Mchuzi ukichemka, punguza moto na uache dakika 15, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Hizi ni dakika za dengu kunywa mchuzi, na kuziharakisha ni kula dengu zenye ladha ya maji ndani ya mchuzi mzuri. Katikati ya muda huo, chota dengu upawa mmoja, zipondee ubavuni mwa sufuria, koroga. Mchuzi utanenepa wenyewe bila unga wowote.

Kisu kikipita kwenye kiazi bila ubishi, rudisha bilinganya na umimine ukwaju. Anza na nusu yake, onja, ongeza. Uache uchemke dakika 5 ili ukali wake mbichi uondoke. Mchicha unafuata, majani yakilala tu yametosha, dakika 2 au 3.

Toa pilipili mbuzi sasa kama mnakula na watoto. Punguza moto hadi mdogo kabisa, mimina tui zito, na usiache kukoroga taratibu, ukichota kutoka chini na kumimina juu. Tui zito likichemshwa kwa fujo hukatika, mafuta yakaelea upande wake na maji upande wake. Bado linalika, lakini ulaini wa mchuzi umekwenda. Vipovu vya kwanza vikitokea pembeni, epua. Onja chumvi wakati huu, siyo kabla, kwa sababu nazi hupooza chumvi na ukwaju huificha.

Nyunyiza majani ya giligilani, funika, acha dakika 15 bila kufunua. Mchuzi utakuwa mzito zaidi ukitulia, kwa hiyo ukiuona mwepesi kidogo motoni usihangaike. Ukizidi kuwa mzito, maji ya dengu yaliyobaki yapo.

Kula na nini

Wali mweupe ndio wenzake wa kwanza, usiotiwa nazi, maana nazi tayari iko kwenye mchuzi. Chapati ni nzuri sana. Asubuhi, kwa mahamri, dengu hizi zinakaa pale zinapokaa mbaazi, ila zipunguze maji. Mwezi wa Ramadhani huzipika nyepesi zaidi, bila bilinganya, zikanywewa kwanza kwenye bakuli kabla ya vyakula vizito vya futari. Kwa ugali pia zinakwenda, na hapo mimi huongeza mchicha mara mbili.

Ukipenda kuelekea kwenye chana bateta, ile dengu kwa viazi ya Wahindi wa Dar, Zanzibar na Mombasa, safari ni fupi. Acha karoti, bilinganya na mchicha. Ongeza viazi, ongeza ukwaju, na mchuzi ufungwe kwa vijiko 2 vya unga wa dengu uliokorogwa kwenye maji baridi, upikwe dakika 10 hadi ubichi wa unga uishe. Gawa kwenye bakuli na juu yake mwaga chevda (mchanganyiko wa Kihindi wa vitafunio vikavu), krispi za muhogo zilizovunjwa, chatne ya nazi na chatne ya pilipili. Krispi ziingie mezani, mlaji mwenyewe azitie, la sivyo zinalowa kabla hajakaa.

Bara ambako nazi ni ghali, siagi ya karanga isiyo na sukari vijiko 3, ikikorogwa na maji ya dengu, inachukua nafasi ya tui zito. Ladha inakuwa nyingine, na ni nzuri kwa haki yake.

Nyumba yenye mtu mwenye upungufu wa damu ifaidike na chakula hiki vizuri zaidi. Gramu 100 za dengu zilizoiva zina karibu gramu 9 za protini, na zina madini ya chuma, lakini chuma cha mimea mwili hukichukua kwa shida kidogo. Vitamini C humsaidia, hivyo weka kipande cha ndimu mezani au kachumbari yenye pilipili hoho. Chai ifanye kinyume chake: isubiri saa moja baada ya kula, kwa sababu rangi yake ina vitu vinavyozuia chuma kufyonzwa. Na ambaye tumbo lake halijazoea dengu aanze na nusu bakuli, aongeze wiki kwa wiki.

Kuhifadhi

Mchuzi wa nazi hauvumilii joto. Usiuache mezani zaidi ya saa 2, na usiupashe mara mbilimbili; chota wa kula, pasha huo tu, moto mdogo, ukikoroga. Kwenye friji siku 3 zinatosha. Siku ya pili ni mtamu zaidi, viungo vimeshaingia.

Kwa kuwa kuchemsha ndiko kunakokula mkaa na gesi, chemsha kilo nzima ya dengu kwa mara moja. Zikipoa, zigawe kwenye mifuko ya vikombe viwili viwili, kila mmoja na maji yake kidogo, ufunge bapa na kuweka kwenye friza. Zinakaa miezi miwili bila tatizo. Mifuko miwili na nusu inalingana na kipimo cha mapishi haya, mmoja unatosha mlo wa watu wawili. Siku ya kupika huna haja ya kuyeyusha barafu. Zitie kwenye rosti kama zilivyo, baada ya viazi, na uongeze dakika 5 kwenye muda wa kuchemka.